Siku Mama Alipotaka Fomu ya Bomba Isomwe Yote

Siku ile nilikuwa na haraka. Nina kibanda cha ushonaji Misigiri, kando ya barabara kuu, na msimu wa sare za shule ulikuwa umepamba moto. Nilipanga kufika kijijini asubuhi, mama aweke dole gumba kwenye fomu ya bomba, na saa sita niwe nimerudi kwenye cherehani yangu.

Kampuni ya gesi ilikuwa inapitisha bomba kwenye mashamba yetu. Ukanda walioutaka wanauita mkuza: kipande kirefu cha ardhi, kama barabara, bomba linafukiwa chini yake na juu yake hakuna tena kujenga wala kupanda mti. Mkuza huo ulikata shamba la mama katikati. Huku ilibaki nyumba na alizeti, kule ikabaki bustani ya vitunguu pamoja na kisima. Wapimaji walikuwa wameshapita miezi ya nyuma na kusimika vigingi vyekundu. Kilichobaki ni kusaini.

Tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Mama alikaa dawati la mbele, magoti yamebanwa na ubao kama mtoto aliyezidi umri. Hajui kusoma. Kiswahili anakielewa, kile cha mnadani na kanisani, lakini jambo zito hulitaka kwa Kinyiramba. Mezani walikaa mwenyekiti wa kijiji na binti mmoja wa kampuni, afisa wa mahusiano, aliyevaa reflekta ya njano juu ya gauni. Nyuma yetu watu walikuwa wamejaa, kila mmoja akisubiri jina lake.

Zamu yetu ilipofika, yule binti alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Fomu yako hii hapa. Utaweka dole gumba hapa na hapa."

Akasogeza kidau cha wino. Mama akaitazama fomu, kurasa nyingi zimebanwa pini kwenye kona, kisha akanigeukia mimi.

"Inasema nini?"

"Inasema bomba linapita," nilimjibu. "Mama, weka tu dole, watu wanasubiri."

"Kurasa zote hizo zinasema bomba linapita?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilisikia aibu. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba mambo yote yalishaelezwa kwenye mkutano wa hadhara. Mama akamjibu kwamba siku ya mkutano alikuwa hospitali Kiomboi kwa ajili ya macho, na siku wapimaji walipokuja alikuwa huko huko. Akakunja mikono kifuani.

"Nisomewe," alisema. "Kwa Kinyiramba. Mwanzo mpaka mwisho."

Binti wa kampuni hakujua Kinyiramba. Mwenyekiti alikijua, ila alikuwa amesahau miwani nyumbani. Basi macho yote yakanigeukia, mimi niliyetaka kuondoka kuliko wote. Nikachukua ile fomu na kuanza kusoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ramani. Wa pili ulikuwa na maneno ambayo lugha yetu haina, na mkuza ndilo lililonisumbua zaidi. Nilimwambia mama ni njia ambayo mpitaji wake yuko chini ya ardhi. Akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Nikafika mahali palipoandikwa jina la mwenye shamba, nikaacha kusoma.

Jina lililokuwa pale ni la baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Jina la mama lilikuwa chini, kwenye mstari wa mtumiaji wa shamba.

Nilisoma tena kimya kimya, nikidhani nimekosea. Kumbe sikukosea. Nilipomtafsiria mama, hakupandisha sauti. Alijigeuza kwenye dawati taratibu mpaka akamwona baba mdogo, ambaye alikuwa amekaa safu ya nyuma karibu na dirisha.

"Shemeji," alimwita. "Shamba ni lako?"

Baba mdogo akasimama. Ni mtu mkimya, na kusema kweli sijawahi kumjua kwa tamaa. "Waliniuliza nani mkubwa wa familia," alisema. "Kaka hayupo. Nikawatajia jina langu. Nilidhani wanaandika tu."

"Umewahi kulilima?"

"Hapana."

"Ile minyaa ya mpakani aliipanda nani?"

"Wewe na marehemu."

"Yeye alishika kamba," mama alisema. "Nilipanda mimi."

Mwanamke mmoja nyuma akasema ni kweli, mashamba yao yanapakana, na yeye ndiye aliyempa mama vipandikizi vya ile minyaa. Mzee mwingine akasema hivyo hivyo. Mwenyekiti akanyoosha mikono watu watulie, akamtazama binti wa kampuni kama anayeuliza sasa itakuwaje.

"Tunaweza kusaini, halafu jina likarekebishwa baadaye," yule binti alisema, lakini bila uhakika.

Nilikuwa bado nimeshika ile fomu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikufikiria sare. Nikafunua mpaka ukurasa wa mwisho, na humo, kwa herufi ndogo kuliko za mbele, nikakuta orodha ya haki za mwenye ardhi. Nikaisoma kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, ili darasa zima lisikie. Mwenye ardhi ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuondoka na nakala ya fomu kabla ya kusaini. Ana haki ya kupinga taarifa isiyo sahihi, na asisaini mpaka isahihishwe. Ana haki ya kuwekewa kivuko kama mkuza umegawa shamba lake.

Kisha nikarudia kwa Kinyiramba, na hapo ndipo nilipoona migongo ya watu ikinyooka.

Mzee mmoja aliyesaini asubuhi akaja mezani, akaomba yake isomwe. Ilikutwa kisima chake hakikuandikwa. Akafuata mwingine. Binti wa kampuni hakubishana. Alivua reflekta, akaitundika kwenye kiti, akaniambia, "Dada, tusome zote." Akatoa kalamu nyekundu akawa anaandika marekebisho pembeni, mwenyekiti akigonga muhuri kila mahali. Tulisoma mpaka jua likaelekea kuzama. Mtu aliletewa uji, tukapokezana kikombe.

Fomu ya mama ndiyo iliyochukua siku nyingi. Wapimaji ilibidi warudi. Safari hii mama alitembea mbele yao kwenye mpaka mzima, baba mdogo akamfuata kuthibitisha, na majirani wakasaini kama mashahidi. Kuhusu kivuko, walimwonyesha kwenye ramani kilipo kivuko cha jirani. Mama akawauliza kama wao wangekubali kubeba ndoo mbili za maji kuzunguka kote kule. Yule binti aliandika, akapiga simu, akapiga tena. Fomu mpya ilikuja na jina la mama kwenye mstari wa mwenye shamba, na kivuko kimechorwa mkabala na kisima. Nikamsomea yote. Akaweka dole.

Sasa bomba limeshafukiwa. Mama anavuka na ndoo zake, anamwagilia vitunguu, na kama mgeni akiwepo humpeleka akaone kile kivuko, hata kama mgeni hajauliza.

Mimi kazi iliongezeka. Kila bomba lilipofika kijiji kingine cha Wanyiramba, watu walikuja kibandani kuniita, nami nilifunga cherehani nikaenda. Upande wa Mtinko waliniita pia, lakini kule wanasema Kinyaturu na mimi sikijui. Wakamtafuta mwenzao, mwanamke anayeuza kuku mnadani, aliyeishia darasa la saba. Nilikwenda siku moja kumwonyesha tulivyofanya. Alikuwa ameshafika ukurasa wa nne, na mwenyekiti wao amesimama pembeni akimshikia kurasa zisipeperushwe na upepo.