Nakala ya Pili

Mimi mtu wa dhana mbaya, sifichi. Fundi bomba akija kwangu nasimama naye mpaka amalize, na akitoka namtazama mikono. Watu wa nyumbani walikuwa wakinicheka, nami nikiwaacha wacheke. Kwa kazi niliyokuwa nayo, asiyedhani mabaya angefukuzwa mjini siku ya kwanza.

Nilikuwa mpiga picha wa harusi, upande wa wanawake tu. Bi harusi kapambwa, kichwa wazi, hina imempanda mpaka kwenye viwiko, na hapo hapana mwanamme anayeruhusiwa kuona isipokuwa walio wake. Mama wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo walinifungulia milango kwa sharti moja: picha ni zao, na mtu mwengine hatobaki nazo, hata mimi.

Zama za filamu sharti hilo lilinitoa roho. Picha zilisafishwa dukani, na mwenye mashine mwanamme. Nilikuwa nasimama nyuma yake kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, nahesabu kila karatasi inayotoka, na iliyoharibika naichana mwenyewe. Halafu nachukua picha pamoja na filamu zake, vyote nampelekea mama wa bi harusi mkononi. Maskini yule bwana alikuwa mtu mzuri, miaka yote ile hakunikosea hata siku moja, nami sikumwamini hata siku moja.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili nikapata kamera ya dijitali na kompyuta ya mtumba, nikamshukuru Mungu. Mwanamme katoka katikati. Nikajiwekea ada yangu: nikishahamishia picha kwenye kompyuta, naichukua kadi ya kamera mpaka kwa mama wa bi harusi, nazifuta mbele ya macho yake. Picha zinabaki mahali pamoja tu, kwangu, mpaka albamu itoke, kisha na hapo nafuta. Niliwaambia wote kwamba picha haiibiwi ikiwa moja. Nakala ya pili ndiyo inayotembea.

Pamoja na ada zote hizo, picha ya bi harusi mmoja niliyempiga ikaonekana imebandikwa ukutani, saluni moja ya Jang'ombe. Kumbe mtu kaazima albamu ya sampuli kwa jamaa zake akaipiga picha ile picha. Lakini mpaka hilo lijulikane nilikuwa nshasemwa mji mzima, na harusi tatu zikanipita. Nililia, wallahi, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Ndipo nikaamua kwamba sampuli za kuchagulia zitoke kwangu zikiwa ndogo, hata mtu akitaka kuzikuza zisikuzike, na zipigwe maandishi juu yake. Harusi moja ilikuwa na picha mia tatu na zaidi, na kuzifanya mojamoja ni kazi ya wiki. Nilihitaji programu ya kuzifanya zote kwa mkupuo.

Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa ya mtandaoni, kwenye intaneti kafe. Unapakia picha, zinakwenda huko, zinarudi ndogo. Nikauliza huko ni wapi. Mwenye kafe akasema hajui, labda Ulaya. Nikachukua mkoba wangu. Ya pili ilitaka jina langu, anwani yangu na kazi yangu kabla ya kufunguka, mithili ya mposaji. Hiyo nayo nikaifuta. Ya tatu aliniletea fundi wa kompyuta wa Darajani, mtu wa makamo, mpole, kwenye sidii isiyo na maandishi. Upole wake ulinitia wasiwasi zaidi. Nikachomoa waya wa simu, intaneti isipite, nikafunga pazia, nikamwambia aijaribu kwa picha za masufuria yangu.

Masufuria yakatoka madogo, yamepigwa maandishi ya majaribio kila moja, kwa muda wa kunywa maji. Niliipenda. Ila pale penye mipangilio palikuwa na kisanduku kilichokwisha tiwa alama tangu mwanzo, kinasema programu itaziweka picha za asili, zile kubwa zisizoguswa, kwenye folda yake pembeni. Kiingereza nakijua, nilielewa vizuri sana, na ndicho kilichonichoma. Nani kaiambia iweke? Miaka yote naapa mbele ya mama za watu kwamba hapana nakala ya pili, leo programu ya sidii isiyo na jina inijie na folda pembeni! Nikaondoa alama.

Fundi akasema taratibu, "Bi, hiyo alama iache. Utakuja kuihitaji."

Nikamtazama. Ya nini kwake, picha za wanawake zikibaki pembeni ya kompyuta anayoitengeneza yeye? Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka mlangoni, na alama sikuirudisha. Masufuria ya asili sikuyatazama tena, nani anayahitaji?

Wiki ile ile nilikuwa na harusi Chukwani, familia ya Kiarabu, watu wazito. Mama wa bi harusi hakuwahi kupigwa picha maisha yake. Hata pasipoti hana, maana hajapata kusafiri. Mtoto ndiye huyo mmoja, anaolewa Maskati, na baada ya siku tisa anaondoka. Alimwomba mama yake mwezi mzima wapige picha moja pamoja. Mama akakubali kwa sababu yangu, alisema hivyo mbele ya watu, kwamba mimi amana yangu anaijua. Akakaa karibu na mwanawe, akautoa mtandio kichwani mwenyewe, nywele zake nyeupe pepe, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikapiga mara moja tu, kwani aliniambia moja.

Kesho yake nikaenda na kadi, nikaifuta mbele yake. Akaniombea dua. Nikarudi nyumbani, nikaipa programu folda nzima. Maandishi niliyachagua mwenyewe, HAIRUHUSIWI KUNAKILIWA, meupe, makubwa, katikati kabisa, maana ya pembeni mwizi huyakata kwa mkasi. Picha zikapita zote. Nikajisifu, nikapika chai.

Bi harusi alizipenda sampuli, akachagua, na ya mama yake akaitaka kubwa ya kuweka fremu. Nikafungua folda nitoe picha kubwa. Hamna. Kila niliyoifungua ni ndogo, na maandishi yangu yamelala juu ya nyuso. Programu haikuiba kitu. Ilifanya nilivyoiamrisha: iliandika ndogo juu ya kubwa, kubwa zikafutika.

Nikamrejea fundi mbio. Akaja, akashinda kutwa akitafuta, nami safari hii sikusimama nyuma yake. Kwenye kompyuta hamkuwa na kitu, na kadi ilikuwa imeshapiga harusi nyengine juu yake. Hakunikumbusha alichoniambia, na hilo likaniuma kuliko kama angenikumbusha.

Nikenda Chukwani nimeishika ile ndogo niliyoichapa. Nikasema yote, sikupunguza neno. Mtoto akamgeukia mama yake, akamwomba wakae tena, dakika moja tu. Mama akatikisa kichwa. Alisema alikubali mara moja kwa kumridhisha mwanawe, na tangu siku ile moyo wake haukutulia. Mungu hakutaka, basi. Kisha akaniuliza mimi.

"Nani anayo ile kubwa?"

"Hapana mtu, Bi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanishika mkono kwa mapenzi, akaniambia kwamba hakukosea kuniamini, halafu akaenda kututengenezea kahawa.

Nikabaki na mtoto. Masanduku yake yalikuwa yamefungwa ukumbini. Aliichukua ile picha, akaisogeza dirishani, akaikaribisha machoni kutafuta uso wa mama yake chini ya maandishi. Aliigeuza huku na huku. Hakunikasirikia, na mimi nilikuwa nikiomba anikasirikie.

"Laiti ingeibiwa, Bi," akasema. "Ingekuwepo mahali."