Dodoki la Jikoni na Gari Jeusi la Kaka

Mwanangu, kwa miaka saba nilikana. Leo nasema: ni mimi niliyelikwaruza gari la kaka yangu Deo, kwa dodoki la jikoni.

Sijaisahau Jumamosi ile. Deo alikuwa amesafiri kwenda Mwanza, akaniachia gari lake jipya, jeusi la kung'aa, kwangu Kibeta. Lilikuwa limebeba vumbi jekundu la Muleba, kijijini kwetu. Nikaamua kumfanyia wema. Mimi mwenye shahada mbili sikulimwagia hata maji kwanza. Nilichukua dodoki la kusugulia masufuria nikalizungusha kwa bidii. Likianguka chini nalipangusa kwenye kitenge na kuendelea. Jua lilipotoka, boneti lilikuwa kama utando wa buibui.

"Koku, hii ni nini?" Deo aliuliza aliporudi.

"Si matawi ya ule mti wa kahawa wa mama? Njia ya kuingia kule nyumbani imebana."

Wiki ileile alikwenda Muleba akaukata mti alioupanda marehemu mama yetu. Na mimi, kwa aibu yangu, nikamsuta kwenye kikao cha ukoo: "Mti wa mama umeukata kwa ajili ya bati!" Hakujibu. Tangu hapo tukawa tunasalimiana misibani tu, na Krismasi nikawa nakula peke yangu.

Basi sikia. Tafuta glovu ya kuoshea gari yenye nyuzi laini, ndefu. Mchanga huzama humo badala ya kusagwa juu ya rangi. Mwagia gari maji, vumbi liondoke lenyewe. Ndoo moja iwe ya sabuni, ya pili ya kusuuzia glovu kila mara. Anzia kwenye paa, mkono uende moja kwa moja, usizunguke. Magurudumu yawe na kitambaa chake. Glovu ikianguka chini, usiirudishe kwenye gari kabla hujaisuuza, hata kama hakuna anayekuona.

Na ukishakwaruza, sema siku hiyohiyo. Rangi hupigwa polishi. Undugu sijaona dukani polishi yake. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiochelewa kama wangu.

Mwezi uliopita nilimpigia.

"Kaka, lile gari… ni mimi. Nililiosha kwa dodoki."

Nikasikia akizima redio.

"Tawi linachora mstari, Koku. Mimi niliona miduara."

"Uliona lini?"

"Siku ile niliyoukata, mti ukiwa umeshalala chini. Nikasema, atakuja kusema mwenyewe."

"Mbona kikaoni ulinyamaza?"

"Waitu, jamani! Nimwite mdogo wangu mwongo mbele ya wazee?" Akakohoa. "Lakini umenisubirisha sana."

"Nisamehe, kaka."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Jumapili una wageni?"

"Wageni gani? Nipo tu."

"Na mimi nipo tu," akasema. "Njoo."