Siku Mama Mkwe Alipoomba Umeme Ukatwe

Mama mkwe wangu anatotoa vifaranga sebuleni. Mashine ya kutotolea, kubwa kama kabati la nguo, imesimama pale palipokuwa na makochi, na makochi yamehamia barazani. Mgeni akija anakaa nje, na kama ni mtu wa kupayuka anaombwa apunguze sauti, eti mayai yamelala. Nilipoolewa nilidhani ni utani. Si utani hata kidogo.

Adui yake mkubwa ni upepo. Nyuma ya nyumba zetu kuna mteremko wa nyasi, na juu yake zinapita nyaya za umeme zilizozeeka kuliko mume wangu, zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Upepo ukivuma zinagusana na kutema cheche. Kiangazi kilichopita mteremko uliungua mpaka kwenye banda la mbuzi la Mwalimu, jirani yetu mstaafu. Tangu hapo, upepo ukizidi, watu wa umeme wanakata.

Na wakikata, mama anawapigia simu. "Mwanangu," humwambia binti wa huduma kwa wateja, "mayai yangu yakipoa, utakuja kuyaatamia wewe?" Akishamtolea uvivu, anatoka mlangoni na kugonga sufuria kwa mwiko. Mtaa mzima unajua maana yake: leteni maji ya moto. Majirani wanakuja na chupa zao za chai, tunamimina maji kwenye vidumu, tunavipanga kati ya trei za mayai, kisha tunaifunika mashine kwa mablanketi. Mwalimu kila mara hulalamika kwamba ananyimwa chai na kuku ambao hawajazaliwa. Lakini huja.

Jumamosi moja asubuhi mayai yakaanza kulia. Ndiyo, kulia: ukitega sikio ulisikia milio myembamba ndani ya maganda, na mengine yalishatoboka. Joto likipotea saa hiyo, kifaranga anafia mlangoni. Kundi lililotangulia lilikufa lote, umeme ulipokatika sisi tukiwa safarini. Safari hii hakutaka hata kwenda sokoni.

Upepo ukaanza. Tukasubiri mashine izime. Haikuzima. Mabati yakapiga kelele, vumbi likaingia mpaka jikoni, na taa ya mashine bado inawaka. Nikarukaruka kwa furaha.

"Mama, leo wametusahau!"

"Hiyo ndiyo shida yenyewe," akasema, akaenda mlango wa nyuma.

Nyaya zilikuwa zinachapana, cheche zinadondoka kwenye nyasi kavu. Pahali pamoja palishaanza kufuka moshi. Mume wangu alilowesha gunia akapanda mbio, lakini akizima hapa, cheche zinaanguka kule.

Mama alitazama mteremko, akatazama sebule. Machozi yalimlengalenga, na mimi nilimwonea huruma kupita kiasi. Kisha akachukua simu.

"Najua, mama," binti akasema kwa sauti ya kuchoka. "Umeme umekatika."

"Haujakatika! Ndiyo maana nakupigia. Kata!"

"Mama, leo umeamka na utani?"

"Nyaya zinatema moto kwenye nyasi. Kata sasa hivi, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Muda mfupi baadaye taa ya mashine ikazima. Mama hakugusa sufuria. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea mashine, kana kwamba angeipasha joto peke yake. Basi nikaichukua sufuria mimi, nikaigonga kama mwendawazimu. Walikuja wote. Mwalimu, safari hii bila kulalamika, alileta ndoo nzima ya maji aliyokuwa amejichemshia kuoga.

Mchana mume wangu alirudi, uso mweusi tii, moto umezimwa. Tulikuwa bado tunamtania alivyofanana na sufuria yenyewe, simu ilipolia.

"Mama, mafundi wamefika hapo kwenu," binti akasema. "Upepo ukitulia watabadilisha nyaya zote. Asante sana. Ila, kelele gani hizo? Nani wanalalamika hivyo?"

Mama aliinua blanketi. Kwenye trei, vifaranga waliolowa walikuwa wanakanyagana.

"Ni wateja wako wapya," akasema. "Wanauliza umeme unarudi lini."