Kikombe Kilichowaka Bluu

Miaka ya tisini tulikuwa kwenye machimbo ya almasi ya Songwa tukitafuta vumbi la almasi linalong'aa chini ya taa ya zambarau, ili watafiti wajaribu kulitumia kuona seli za mwili kwa hadubini. Siku moja mimi, fundi wa maabara mwenye kiherehere, nikaona kikombe changu cha sampuli kinawaka bluu hadi ukingoni.

"Mayu wane, mama yangu wee, tumepata!" nikapaza sauti. Bila kumuuliza mtu nikapiga simu ya upepo mjini: leteni gari, kuna almasi ya kupimwa!

Mkuu wetu, Mama Kulwa, akainama, akanusa.

"Kikombe umekiosha na nini?"

"Sabuni ya unga, mama. Ile ninayofulia."

Akanigeuzia taa. Shati langu lote likawaka kuliko kikombe.

"Gari likifika," akasema, "mpakieni huyu akapimwe."