Dakika Ishirini za Jikoni

Chumba changu cha Kawajense, mjini Mpanda, kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa na kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika, nilipoacha kubeba mizigo stendi. Shule niliishia darasa la sita, lakini kitu chenye skrubu sijawahi kukipita bila kukifungua. Ndani ya kompyuta ile nilikuta kifaa cha kuchomea CD, na kwa miaka miwili hicho ndicho kilichonishikilia Mpanda, mimi ambaye kabla ya hapo sikuwahi kumaliza masika mawili mahali pamoja.

Nilikopi filamu. Wateja walitaka nyingi ndani ya CD moja, na ili zienee nilijifunza kuzipunguza. Nilikata majina ya mwanzo, nikakata salamu na safari za magari, mpaka pale ngumi zinapoanza. Mama mwenye nyumba alinicheka.

"Fundi, kwenye filamu zako tunafika mtu ameshazikwa."

"Si unaona wanavyomlipizia kisasi, mama?"

"Wanamlipizia nani? Marehemu mwenyewe hatukumwona!"

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Usevya, umri wa mama yangu, na CD ya harusi aliyoifunga ndani ya kitenge. Alisema binti yake amefariki. Hakuacha picha hata moja, ila humo yumo, na deki ya jirani imeanza kukwama. Alitaka nakala nzima. Aliyepiga video ile alishahama, na nyingine haikuwepo.

"Wajukuu wameanza kumsahau," alisema. "Yule mdogo ananiuliza mama yake alifananaje. Namwambia, kama wewe. Basi anakwenda kujitazama kwenye kioo."

"Pole, mama. Njoo keshokutwa."

Nilimuuliza mengi: CD walikuwa wakiiweka wapi, deki ni ya aina gani, ikikwama inatoa sauti gani. Binti yake ni yupi, sikuuliza. Ilikuwa CD ya harusi. Nilijua ni bibi harusi.

Ilikuwa imekwaruzika vibaya. Niliipaka dawa ya meno, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaiingiza. Kompyuta iliisoma tangu asubuhi hadi mchana, ikikoroma, ikisimama, ikianza tena. Sikutoka hata kununua chakula. Ilipofika mwisho nilipiga makofi peke yangu.

Harusi ilianzia jikoni, uani. Dakika ishirini za moshi, masufuria, mchele unapepetwa, mtu anakimbiza kuku. Nikazikata. Nilitaka mama yule akifungua tu amkute mwanaye ndani ya shela. Nikachoma kilichobaki, nikafuta faili ili nipate nafasi, nikajaza filamu mpya. Ndivyo nilivyofanya kila siku.

Keshokutwa yake alikaa kwenye kitanda changu, tukatazama. Bibi harusi akaingia. Mama akatabasamu.

"Huyu mtoto wa shemeji yangu. Yuko Kasekese, ana watoto wanne sasa."

Keki ikakatwa, zawadi zikapelekwa, watu wakacheza. Kila aliyepita na sinia, mama aliinama mbele kumtazama, kisha akarudi nyuma. Muziki ukaisha, kioo kikawa cheusi.

"Mbona jikoni hamna?" aliuliza. "Mwanangu alikuwa anapika. Ana kilemba cha njano, anageuza wali. Anamfukuza yule wa kamera na mwiko, halafu anacheka."

Nilimkumbuka. Nilikuwa nimemwona, nikacheka naye peke yangu chumbani, kisha nikamkata.

Nikairudisha CD ya zamani kwenye mashine. Ikazunguka, ikakohoa, ikatemwa. Nikapaka dawa ya meno tena, nikaipangusa kwa shati langu, nikaifungua mashine yenyewe na kufuta jicho lake kwa pamba. Ikatemwa. Mama mwenye nyumba akaleta deki yake, nayo ikakataa. Hatimaye nikamwambia mama wa Usevya ukweli: niliona ni mambo ya jikoni tu, nikayatoa.

Hakupandisha sauti. Aliweka mikono mapajani.

"Lakini wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Juzi?"

"Juzi."

"Niambie basi."

Nikamwambia. Kilemba cha njano. Moshi. Mwiko mrefu, anaunyanyua hivi. Anasema kitu ambacho sikukisikia vizuri, halafu anacheka. Nikafika hapo nikawa nimemaliza. Alisubiri niendelee. Nikatafuta uso kichwani mwangu, macho, meno, chochote cha kumpelekea yule mtoto wa kwenye kioo, nikakuta nina kilemba na mwiko tu. Vitu vya kuongeza vilinijia mdomoni. Nikavimeza.

"Basi," alisema.

Alisimama, akaichukua CD ya zamani kutoka juu ya kompyuta, akaipuliza vumbi ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama, hiyo haisomi tena," nilisema. "Chukua hii mpya."

"Si yumo humu?"

"Yumo."

Akaifunga ndani ya kitenge, mikunjo mitatu, akaibana kwapani, akatoka kuwahi gari la Usevya. Ile mpya aliiacha kitandani.