Landrova Inayosuka Maziwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Aprili 2003, Priscilla Katoo anazungusha hendeli ya Landrova ya mwaka 1961 nje ya boma lake, Kajiado. Injini inakohoa, inanyamaza.

"Amka, kokoo," anaibembeleza kwa Kimaasai, kama anayemwamsha nyanya yake.

Kando imetulia pikapu ya Pijo 504 ya mwaka 1984. Hiyo haibembelezwi, ukigusa ufunguo, inaitika. Lakini mvua imenyesha, na kwenye tope Pijo huteleza kama ndama wa jana.

Priscilla, 52, huuza maziwa Kitengela. Mwanawe Samuel anataka Landrova iuzwe. Kesho Jumamosi, mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kuichukua.

"Mama, haya ni mabati yenye magurudumu."

"Mabati yaliyokupeleka shule, bwana mkubwa."

Samuel ana hoja. Pijo hubeba maziwa kama mtoto mgongoni. Landrova, kwa kilomita ishirini za mashimo kabla ya lami, huyatikisa mpaka yanakatika. Mwezi uliopita hoteli moja ilimrudishia mtungi mzima wa lita ishirini.

Priscilla alikuwa karibu kuumwaga mtaroni, ndipo Ruqia Barre, muuza samli sokoni, alipotumbukiza kidole na kulamba.

"Dada, unamwaga siagi? Nani amekusukia vizuri hivi?"

Priscilla alielekeza kidevu kwenye Landrova. Ruqia alicheka hadi akashika mlango wa gari.

"Basi niletee tena, tuone kama ilibahatisha. Ikitoka hivi, nachukua kila wiki."

Ndiyo safari ya leo. Priscilla amejaza mtungi nusu tu, wa maziwa lala yaliyochachuka, akaufunga ndani ya Landrova juu ya gurudumu la nyuma, panapotikisika zaidi.

"Kibuyu hakijazwi kikisukwa," anaeleza. "Niko na magari mawili. Moja linajua kubeba, lingine linajua kusuka. Nimfukuze nani?"

Injini imeshawaka, na kwa kila shimo Samuel, kando yake, anashika dirisha kwa mikono miwili.

Kitengela, Ruqia anafungua kifuniko. Madonge ya manjano yanaelea. Analamba, kisha anamsogezea Samuel mtungi.

"Onja, kijana."

Samuel anaonja. Anaonja tena.

"Kitendawili," asema mama yake.

"Tega."

"Ng'ombe wangu mzee hana chuchu, lakini hunipa siagi."

Priscilla tayari anapima kwa mkono nafasi ya mtungi wa pili, juu ya gurudumu lile lingine.

Samuel anafuta kidole kwenye suruali, anatoa simu kumzuia mnunuzi wa vyuma.

"Kokoo," anajibu.