Aliyekwisha Kunywa Aondoke

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, Afisa wa Mifugo wa Isiolo alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza, akaniamuru nivue viatu. Nilikuwa nimetoka kozi Nairobi nikiringa, kumbe soksi ina tundu.

Kazi yangu ilikuwa orodha ya chanjo ya sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe. Kila habari ilikaa kati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga: ndani ya tarafa visima, ndani ya kisima wenye mifugo, kisha ng'ombe wao. Programu niliyoandika ilisoma faili kutoka kwenye diski, ikachapa huku ikiweka yote kwenye kumbukumbu, ile nafasi finyu ambamo mashine hufanyia kazi. Tarafa ya Garbatulla ikatoka. Merti ikatoka nusu, mashine ikakwama. Biliqo, kwetu, ilikuwa mwisho wa faili.

"Lori inatoka saa sita," Afisa akasema. "Mahali hakuna orodha, hakuna chanjo. Dawa iko kwa barafu, haingoji mtu."

Nilishikwa na hofu. Ng'ombe wa mama yangu walikuwa Biliqo, na sotoka ilishafika kwa majirani.

Dereva wa lori, Mzee Guyo, zamani alikuwa aba herega, msimamizi wa zamu kisimani. Aliponiona nimejishika kichwa, aliuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Wewe binti ya Borana kweli? Umeita ng'ombe wote kwa birika la kisima mara moja?"

"Hapana, mzee. Naita mmoja mmoja."

"Na wakimaliza kunywa, wanaenda wapi?"

Nikaigeukia mashine. Humo hawakwenda popote. Miye niliyekulia kisimani, nilikuwa nimesahau kuwatoa!

Nikarekebisha: alama ya kufunga ikifika, mwenye mifugo aliyekwisha kuchapwa afutwe kwenye kumbukumbu, libaki jina la tarafa na la kisima tu. Printa ikalia mpaka saa sita kasoro. Jina la mama lilitoka la mwisho. Nililia mbele ya Afisa, wala sioni haya kusema.

Nilitumika chini ya wakuu watatu. Vijana huniambia siku hizi mashine zina nafasi tele. Sawa, lakini faili nazo zimenenepa.

Siku ya kustaafu, mkuu wa mwisho alinisihi niongeze mwaka. Moyo uliniuma, maana niliipenda ile kazi.

"Nimeshakunywa, mkuu," nikamwambia. "Wacha nitoke kwa birika. Wengine wanangoja."